Video inapokataa kucheza katika tarakilishi kuukuu, chunguza kodeki kabla ya kufuta diski

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nyumba nyingi za mji wa Machakos na viunga vyake, kuanzia Mumbuni hadi Kathiani na Masii, si ajabu kupata tarakilishi ya mezani iliyonunuliwa miaka kumi na mitano au ishirini iliyopita ikiwa bado inafanya kazi. Aghalabu mitambo hii ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine, kutoka maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60, ikafunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekwa pembeni mwa sebule. Watoto waliitumia kujifunza kuandika. Wazazi nao waliitumia kutazama harusi za jamaa, nyimbo za Injili kwa Kikamba na filamu za Riverwood zilizouzwa kwa diski mitaani.

Mitambo iyo hiyo ndiyo inayolalamikiwa sasa. Video iliyoletwa kutoka kwa simu ya jamaa aliyeko Nairobi inafunguka ikitoa sauti bila picha. Nyingine inaonyesha picha lakini ni bubu. Nyingine inakwenda kwa kuchechemea, sauti imetangulia na midomo inafuata nyuma. DVD ya sherehe ya ntheo ya mwaka 2006, ambayo ilikuwa ikicheza bila taabu, sasa inaleta ujumbe wa Kiingereza usioeleweka.

Wengi hukimbilia kumwita fundi, na tiba inayopendekezwa mara kwa mara ni moja tu: kufuta kila kitu katika diski na kuweka Windows upya. Hapo ndipo hasara inapoingia. Mara nyingi ndani ya diski hiyo ndimo mlimo na nakala pekee ya sauti ya nyanya aliyekwisha kuzikwa au ya wazee walioongoza ntheo hiyo. Kufuta diski kwa sababu ya tatizo la kodeki ni sawa na kubomoa nyumba kwa kuwa ufunguo wa mlango umepotea. Kwa hivyo, msomaji, kabla hujakubali mtambo wako ufutwe, soma kwanza maelezo haya.

KODEKI NI NINI?

Video ni mfululizo wa picha zinazopita mbele ya macho kwa kasi. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumiwa na runinga za Kenya kabla ya mitambo ya analogi kuzimwa mwaka 2015, picha hizo ni 25 kwa kila sekunde. Picha moja ya DVD ya PAL ina vitone 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Endapo kila kitone kingehifadhiwa kwa baiti tatu za rangi bila kubanwa, sekunde moja ingemeza takriban MB 31, na saa moja ya harusi ingehitaji GB 112 hivi. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7 pekee. Ndiyo maana ni lazima picha zibanwe.

Kodeki ni programu ya kubana picha au sauti wakati wa kurekodi na kuzifumua wakati wa kutazama, kwa kufuata kanuni maalumu. Kilichobanwa kwa kanuni moja hakifumuliwi kwa kanuni nyingine. Tarakilishi isiyo na kodeki ifaayo huwa kama msomaji aliyepewa barua iliyoandikwa kwa herufi asizozijua: karatasi anaiona, ila maneno hayapati.

Jambo linalowakanganya watu ni jina la faili. Herufi zinazoonekana mwishoni mwa jina, yaani AVI, MP4, MKV au 3GP, si kodeki. Hilo ni kasha tu. Sokoni Machakos gunia huwa lile lile, iwe ndani mna mahindi, ndengu au mbaazi. Vivyo hivyo, kasha la AVI, ambalo Microsoft ililitoa mwaka 1992, linaweza kubeba picha zilizobanwa kwa DivX, Xvid, Indeo au DV. Ndiyo sababu faili mbili za AVI zinaweza kulala katika folda moja, moja ikacheza na nyingine ikakataa. Wapo wanaodhani kuwa wakibadilisha jina kutoka MKV hadi AVI tatizo litakwisha. Hilo ni sawa na kubandika karatasi mpya juu ya gunia. Nafaka iliyomo haibadiliki.

Umri wa mtambo nao una uzito wake. Windows XP ilitolewa mwaka 2001. Kodeki ya H.264, ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi katika video za simu na za mtandaoni, ilikamilishwa mwaka 2003. XP haingeweza kuijua kodeki ambayo haikuwa imezaliwa. Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja ikiifahamu H.264 pamoja na DivX na Xvid, lakini haikuijua HEVC, ambayo pia huitwa H.265, kwani hiyo ilikamilishwa mwaka 2013. Baada ya hapo ikaja AV1, mwaka 2018. Kila kizazi hubana zaidi kuliko kilichotangulia, na kila kizazi humtaka mfumuaji afanye kazi nzito zaidi.

TAMBUA UGONJWA KWANZA

Jaribio la kwanza halihitaji programu yoyote. Chukua faili inayosumbua uijaribu kwenye mtambo mwingine au kwenye simu, kisha chukua faili nyingine uijaribu kwenye mtambo wako. Faili ikikataa kila mahali, basi yenyewe ndiyo iliyoharibika. Ikicheza kwingine na kukataa kwako, tatizo ni kodeki au nguvu za mtambo. Na iwapo hakuna hata video moja inayocheza kwako, zikiwemo zile zilizokuwa zikicheza mwezi uliopita, basi kuna kitu kilichobadilika: pengine programu mpya iliwekwa, au kiendeshi cha kadi ya picha kimepotea.

Jaribio la pili ni kuiuliza faili yenyewe. Programu ya MediaInfo, ambayo hutolewa bila malipo, husoma kasha na kutaja kodeki ya picha, kodeki ya sauti, vipimo vya picha na kasi yake. Aliye na VLC anaweza kubonyeza Ctrl na J kwa pamoja video inapokuwa imefunguliwa, naye ataona habari hizo. Katika faili nyingi za AVI kodeki hutajwa kwa alama ya herufi nne, kama vile DIVX, DX50 au XVID. Andika alama hiyo kwenye karatasi. Fundi akija ukamwonyesha, hatakuwa na sababu ya kukisia.

Dalili pia husema mengi. Sauti ikisikika bila picha, kodeki ya picha ndiyo inayokosekana. Picha ikionekana bila sauti, mara nyingi sauti imebanwa kwa AC3 au DTS, zinazopatikana sana katika filamu, au kwa AMR, iliyotumiwa na simu za zamani zilizorekodi faili za 3GP. Picha ikigeuka kijani au waridi, au ikiwa nyeusi tii ilhali sauti ni safi, usiilaumu kodeki kabla hujaichunguza kadi ya picha. Video ikianza vyema kisha ikakwama kila kukiwa na watu wengi wanaocheza ngoma, halafu ikatulia mzee anaposimama kuhutubia, mtambo umelemewa. Picha zenye mwendo mwingi ni ngumu zaidi kufumua.

Kuna visa vinavyofanana na vya kodeki ilhali si vya kodeki. DVD zinazouzwa na kampuni kubwa za filamu huwekewa alama ya eneo. Kenya, kama sehemu kubwa ya Afrika, imo katika eneo la 5, Uingereza eneo la 2 na Marekani eneo la 1. Jamaa aliyeko ng'ambo akikutumia diski ya dukani, kisomeo chako kinaweza kuikataa. Visomeo vingi huruhusu eneo kubadilishwa mara tano tu, kisha hufungwa katika eneo lililochaguliwa mwisho, kwa hivyo usibofye ovyo.

TIBA INAYOFAA WENGI

Kwa maoni ya mwandishi huyu, tiba bora kwa mtambo wa nyumbani ni kutumia kichezeshi kinachobeba kodeki zake chenyewe, badala ya kuongeza kodeki ndani ya Windows. VLC ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na tangu mwaka 2001 msimbo wake uko wazi kwa umma. Matoleo yake ya 3.0 hufanya kazi hata kwenye Windows XP iliyowekewa sasisho la tatu la Microsoft, na hufumua DivX, Xvid, MPEG-2, H.264, HEVC, pamoja na AC3 na AMR. Kinachopakuliwa ni MB 40 hivi. Ikiwa nyumbani hakuna mtandao, mtu anaweza kukipakua katika saiba na kukibeba kwa flashi.

Hapo pana tahadhari mbili. Ya kwanza, pakua kutoka tovuti ya wenyewe, videolan.org, wala si kutoka tangazo linalotokea juu ya ukurasa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2005, virusi vya Zlob vilienea duniani kwa ujanja mmoja: mtazamaji aliambiwa kuwa video haiwezi kucheza hadi apakue kodeki mpya, na kumbe kodeki yenyewe ndiyo virusi. Ujanja huo haujafa. Ukurasa wowote unaokulazimisha kupakua kodeki ili utazame video, ufunge. Ya pili, flashi zinazopita katika tarakilishi za watu wengi hubeba maradhi, na XP ya zamani ilikuwa na tabia ya kuendesha chenyewe kitu kilichomo mara tu flashi inapochomekwa. Shikilia kibonye cha Shift unapoichomeka, kisha uichunguze kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuifungua.

Vipi kuhusu vifurushi vya kodeki, vile vinavyopakia kodeki makumi kwa mkupuo mmoja? Vilipendwa sana miaka ya 2000, na K-Lite ndicho kilichovuma. Havina ubaya ikiwa ni kimoja na kimetoka kwa mwenyewe. Taabu huanza pale mtu anapoweka kimoja, kikashindwa, akaweka cha pili juu yake, na cha tatu. Windows hujikuta na wafumuaji watatu wa kazi moja wanaogombea faili, na video zilizokuwa zikicheza zikaacha kucheza. Ukiukuta mtambo katika hali hiyo, nenda katika orodha ya programu ndani ya Control Panel, ondoa vifurushi vyote, washa mtambo upya, halafu uweke VLC peke yake.

Ile DVD ya ntheo nayo ina maelezo yake. DVD hubanwa kwa MPEG-2, na Windows XP haikuja na kifumuaji cha MPEG-2. Waliokuwa wakitazama DVD kwa XP waliwezeshwa na programu kama PowerDVD au WinDVD iliyouzwa pamoja na kisomeo. Fundi akiweka Windows upya bila kuirudisha programu hiyo, DVD hukoma kucheza, na mwenye nyumba huambiwa kisomeo kimekufa. VLC huimaliza kesi hiyo. Aidha, ukiifungua DVD kama folda utaona VIDEO_TS, na ndani yake faili za VOB zisizozidi GB 1 kila moja; hizo ndizo video zenyewe. Katika diski za VCD, folda ni MPEGAV na faili ni za DAT. Diski zilizorekodiwa na studio za mtaani kwa kawaida hazina kufuli, hivyo faili hizo zinaweza kunakiliwa moja kwa moja na kuchezwa kwa VLC.

Fanya hivyo mapema. Diski za kurekodia nyumbani huhifadhi picha katika tabaka la rangi ambalo huchakaa kwa joto na mwanga, na diski iliyokaa dirishani miaka kumi inaweza kuwa imekwisha ilhali kwa macho inang'aa.

MTAMBO UNAPOLEMEWA

Kodeki ikipatikana, bado kuna swali la nguvu. Picha ya VCD ina vitone 352 kwa 288, yaani kama laki moja. Picha ya simu ya kisasa ya 1920 kwa 1080 ina vitone zaidi ya milioni mbili, mara ishirini ya ile. Kichakataji cha Pentium 4, kilichoanza kuuzwa mwaka 2000, hakikuundwa kwa mzigo huo. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete ufungue Task Manager wakati video inacheza. Ukiona kichakataji kimefikia asilimia 100, hakuna kodeki ya kupakua itakayokuokoa.

Kabla ya kukata tamaa, zima mtambo, chomoa waya wa umeme na ufungue kasha lake. Machakos ni eneo la ukavu na vumbi halina mipaka. Vumbi likiziba feni, Pentium 4 hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Brashi laini na dakika kumi zimeponya video nyingi zilizodhaniwa kuwa na ugonjwa wa kodeki.

Ndani ya VLC kuna mambo mawili ya kujaribu. Fungua "Tools", kisha "Preferences", halafu sehemu ya "Input / Codecs". Palipoandikwa kuhusu kuruka kichujio cha H.264, "Skip H.264 in-loop deblocking filter", chagua "All". Picha itakosa ulaini kidogo, lakini mwendo utaimarika. Iwapo tatizo ni rangi za ajabu au kiwambo cheusi, zima kifumuaji cha kadi ya picha katika sehemu hiyo hiyo, na katika sehemu ya "Video" badilisha njia ya kutolea picha, ukijaribu DirectX na kisha Windows GDI. Kila ukibadilisha, funga VLC na kuifungua tena.

Hayo yakishindikana, ipunguze video yenyewe. Kazi hii ifanyiwe katika tarakilishi mpya zaidi, kwani mtambo wa zamani utatumia usiku kucha kwa video moja. Programu ya HandBrake haina malipo na ina mpangilio uitwao "Fast 576p25", unaoirejesha video katika vipimo vya DVD. Kwa mtambo dhaifu zaidi ya Pentium 4, chagua MPEG-4 ya zamani badala ya H.264. Hifadhi faili asilia daima, kwa kuwa kila unapobana upya, kitu fulani hupotea na hakirudi.

Njia rahisi kuliko zote ni kuizuia shida mahali inapoanzia. Tangu mwaka 2017, simu za iPhone zenye uwezo wa HEVC hurekodi kwa kodeki hiyo zisipobadilishwa, na simu nyingi za Android zina chaguo kama hilo. Katika iPhone, ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", uchague "Most Compatible". Simu itarekodi kwa H.264. Mwambie kijana atakayerekodi sherehe ashushe pia vipimo hadi 720. Video zinazotumwa kwa WhatsApp hubanwa upya na kupunguzwa, na hiyo ndiyo sababu hucheza kwa urahisi katika mitambo ya zamani, ingawa ubora wake hushuka. Kwa kumbukumbu ya familia, omba faili asilia itumwe kama hati.

Kwa faili zilizoharibika, matumaini hutegemea kasha. AVI iliyokatika umeme ulipopotea hukosa orodha yake ya mwishoni. VLC hujitolea kuirekebisha, nawe ukubali. MP4 iliyokatika kabla ya kamera kuifunga ni kesi ngumu, kwani maelezo yote ya jinsi ya kuifumua huandikwa mwishoni. Programu iitwayo Untrunc huweza kuyakisia kwa kulinganisha na video nyingine nzima iliyorekodiwa kwa simu iyo hiyo, kwa hivyo usiuze simu hiyo kabla ya kujaribu. Faili iliyokatikia penye GB 4 kamili kwa kawaida haina ugonjwa. Flashi yako imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja kubwa kuliko hapo. Inakili upya kwa flashi iliyopangwa kwa NTFS au exFAT.

Wapo watakaotaka kutazama YouTube kwa mitambo hii. Kwa XP jibu ni hapana. Microsoft iliacha kuilinda tarehe 8 Aprili 2014, na Firefox, miongoni mwa vivinjari vikubwa vya mwisho kuihudumia, ilijitoa mwaka 2018. Windows 7 nayo iliachwa Januari 14, 2020. Mitambo hiyo ibaki ya kutazama faili zilizomo, bila mtandao. Anayetaka mtandao na hana fedha za mtambo mpya anaweza kuweka Linux nyepesi, na VLC hupatikana humo pia. Debian 12 ya mwaka 2023 ndilo toleo la mwisho la Debian linaloweza kuwekwa moja kwa moja katika vichakataji vya biti 32.

Lakini kwa yeyote atakayeligusa diski hilo, awe fundi au kijana wa nyumbani, sharti liwe moja: kwanza aonyeshe flashi au diski ya nje yenye nakala ya video zote, na zichezwe mbele yako, moja baada ya nyingine, katika tarakilishi nyingine.